Kitufe cha shingoni au saa yenye laini: kipi kimfae mzee anayeishi peke yake?

Mzee akianguka bafuni saa nane usiku, swali ni moja: kifaa cha kuitia msaada kiko mwilini, na kina chaji?

Kitufe cha kawaida cha shingoni, kinachobonyezwa kuita msaada, hakipigi simu chenyewe. Hutuma mawimbi ya redio kwa mashine ya mezani, nayo ndiyo yenye laini na spika. Betri ya kitufe hudumu miaka bila kuchajiwa, na kisichoingia maji huvaliwa hata wakati wa kuoga. Udhaifu wake ni umbali. Kuta nene hupunguza mawimbi, kwa hiyo kijaribu chooni, jikoni na getini, siyo sebuleni tu. Mashine nayo iwe na betri ya akiba. Bila hiyo, umeme ukikatika kitufe ni pambo.

Saa yenye laini yake hupiga simu yenyewe na humfuata mzee hadi sokoni na msikitini, na GPS huonyesha alipo, ingawa ndani ya nyumba hukosea. Lakini nyingi hutaka chaji kila siku au mbili. Mzee huivua alale, akaiacha mezani inachaji, na usiku ndipo huamka kwenda haja.

Kwa anayeshinda nyumbani, au aliyeanza kusahau, tunachagua kitufe. Saa ni ya anayetembea.

Kosa moja huviponza vyote: ujumbe wa sauti, ile huduma inayopokea simu mwenye namba asipojibu. Huduma hiyo ikipokea simu kwenye namba ya kwanza ya ndugu, vifaa vingi huona mtu ameshapatikana, vikaacha kupiga ya pili. Izime kwenye kila namba itakayopigiwa, weka salio kwenye laini ya kifaa, na kila mwezi mzee mwenyewe akibonyeze kifaa mpaka simu iite.