Olympus Trip 35 ya marehemu babu, na fundi aliyeifungua bila kuuliza

Nianze na kamera yenyewe, ya zamani ya mkanda wa filamu, maana nikianza na yule mtu nitaishia kutukana. Kamera ni nzima. Haina betri, haijawahi kuwa na betri, na inatoa picha nzuri kuliko ninavyostahili. Basi, sifa zimekwisha.

Niliirithi ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, kifuniko cha lenzi kipo mahali pake. Jina limeandikwa mbele, kwa hiyo kuitambua hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa umri wake. Trip 35 zilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984 na kwa jicho la haraka zote ni mapacha. Baadaye ndipo nilipojua kutazama kitufe cha kufyatulia: cha chuma ni cha zile za mwanzo, cheusi cha plastiki kilikuja miaka ya 1970 ikielekea ukingoni. Ya babu ni ya chuma. Nilifurahi utadhani nimeiunda mimi.

Juu yake kuna kidirisha cha kuhesabia picha. Kilisoma 19. Nilikiona, na nitarudi hapo.

Usiku huo niliibonyeza sebuleni ikagoma. Kitu chekundu kikapanda ndani ya kioo cha kuchungulia, kitufe kikakaza, hakuna mlio. Nikasema imekufa, nikaipeleka kwa fundi wa kamera.

Nikamwamkia shikamoo, akaguna. Aliipokea kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu. Kibanda chenyewe kina mwangaza wa kuotea uyoga, taa pekee ni ile ya mezani pake, nayo ilikuwa imezimwa. Akabonyeza. Chekundu kikapanda.

"Imekufa hii, kijana."

"Imekufa nini, mzee?"

"Haioni. Niachie nitoe vipuri."

Akawasha taa, na kabla sijajibu kidole kilishavuta kitasa cha ubavuni, mgongo wa kamera ukafunguka waa! Ndani kulikuwa na mkanda. Mkanda wa babu, umezungushwa zaidi ya nusu, unameremeta chini ya taa, na mwanga ndio unaoua picha ambazo hazijasafishwa.

Akacheka. Ndugu zangu, alicheka! "Kumbe una mkanda! Si ungesema?" Akaubamiza mgongo. Nilipotazama kidirisha, ile 19 haikuwapo tena. Ukifungua mgongo hesabu inarudi mwanzo yenyewe. Hata ushahidi aliufuta.

Sasa sikilizeni alichopaswa kujua mtu anayejiita fundi. Juu upande wa kushoto pana kikono cha kurudishia mkanda. Unakizungusha taratibu kufuata mshale: kikizunguka tu bila uzito, hamna kitu ndani, kikibana, pana mkanda na mgongo haufunguliwi. Ni kazi ya sekunde tatu, wala huhitaji kuweka simu chini.

Na kile chekundu? Si ugonjwa, ni adabu. Lile duara la vioo vidogo vidogo kama jicho la nzi, linaloizunguka lenzi, limefunika seli ya seleni, ambayo ikipigwa na mwanga inazalisha umeme kidogo wa kusogeza sindano ya kipima mwanga. Pete ya lenzi ikiwa kwenye A (kamera ijipangie mwanga yenyewe) na mwanga ukiwa hautoshi, kibendera chekundu kinapanda na shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, inazuiwa, usije ukapoteza picha bure. Kamera ilikuwa inamwambia mzee mwenzake kwamba humu ndani ni giza! Kuipima ni hivi: toka nje penye jua, bonyeza, ifyatuke. Sogeza mkanda, ziba mbele yote kwa kiganja, bonyeza tena, kibendera kipande. Kikipanda hata juani, hapo ndipo useme seli imechoka. Niliyafanya hayo hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Ikafyatuka tik, kasauti kadogo mno.

Nilitaka kurudi nikambonyezee sikioni.

Lakini niseme kweli. Mimi ndiye niliyeiona 19 nikanyamaza. Niliisoma nikaona ni namba tu, kama namba ya kiatu. Nami nyumbani nilikuwa nimekishika kile kitasa, nikakiacha kwa sababu tu kilikuwa kigumu. Kwa hiyo labda namwonea. Hapana, simwonei. Mimi nimerithi kamera, yeye ndiye fundi.

Upande wa matumizi sina mengi. Weka kasi ya mkanda, yaani ile namba ya ISO inayoonyesha wepesi wake wa kushika mwanga, kwenye pete ya mbele (mwisho wake ni 400), mengine inajifanyia. Isipokuwa umbali. Umbali unaukadiria mwenyewe kwa vipicha vinne: kichwa kimoja ni mita 1, watu wawili ni mita 1.5, kundi ni mita 3, mlima ni mbali kabisa. Mkanda wangu wa kwanza niliupiga karibu wote pete ikiwa kwenye mlima. Shangazi yangu, aliyekaa kivulini mbele ya uso wangu, ametoka ukungu mtupu, na mti ulio nyuma yake unaweza kuuhesabu majani. Siku ile niliapa kuiuza. Kesho yake nikapiga nyingine, nikafuta kiapo. Ukiniuliza kama uitafute, jibu langu linategemea umenikuta siku gani.

Mkanda wa babu niliurudisha ndani, nikaupeleka kusafishwa. Nilitegemea weusi mtupu. Kumbe picha za mwanzo hulala ndani kabisa ya mzunguko, na matabaka ya juu yanazikinga kidogo. Za mwisho ndizo zinazokaa nje na kuungua. Kati ya 19 zimepona nne, ukingoni zimeliwa na mwanga. Katika moja, bibi amekaa kitini, bado ana nywele nyeusi, anamcheka mtu ambaye hayumo kwenye picha. Nafikiri anamcheka aliyeshika kamera.

Ya tano inaanza na kiganja cha mtu, kimeinuliwa kama kinaaga au kinakataa kupigwa picha. Kuanzia kwenye kifundo cha mkono ni weusi tu kwenye negativu (mkanda wenyewe uliosafishwa), moja kwa moja hadi picha yake ya mwisho.