PSA Dagger: bastola ya Marekani ya dola 300, inafaa?

Dagger inatengenezwa na Palmetto State Armory (PSA), South Carolina. Ni bastola ya milimita 9 iliyofuata muundo wa Glock 19, bastola maarufu ya kampuni ya Glock, ya kizazi cha tatu, kwa hiyo magazini za risasi 15 za Glock 19 zinaingia, na vipuri vingi vya ndani vinabadilishana. Bei yake ya kuanzia ni dola 300 hivi, chini sana ya Glock yenyewe.

Fremu ni ya plastiki ngumu. Mpini unakaa vizuri mkononi kuliko wa Glock, hapo hakuna ubishi. Triga ina bawaba katikati. Wengine wataiona laini, wengine wataing'oa siku ya kwanza.

Usiibebe kwa ulinzi kabla ya kuijaribu. Hakikisha haina risasi, ifungue, futa mafuta ya kiwandani, paka mafuta mepesi kwenye reli ambazo sehemu ya juu huteleza juu yake, kisha piga risasi 200 za kawaida za greni 115 (uzito wa kichwa cha risasi) na 50 za aina utakayobeba. Wekea magazini alama. Risasi zikikwama kuingia kwa magazini moja tu, shuku springi yake. Ganda likinaswa kwa magazini zote, kagua kwanza mkono wako: kifundo cha mkono kikilegea, sehemu ya juu hairudi nyuma kikamilifu. Mkono ukiwa imara na tatizo likibaki, tazama ndoano ya kutolea maganda.

Ala ngumu ya Glock 19 ijaribu kabla ya kununua. Umbo la kikinga triga cha Dagger si sawasawa na la Glock.