Mirathi Tanga: mgawane nyumbani au mwende mahakamani?

Marehemu ameacha nyumba Ngamiani, minazi Pangani na akiba benki. Arobaini imepita, macho yote yako kwenye mali.

Kugawana nyumbani ni haraka. Ndugu wanaoelewana humaliza siku moja: shekhe anapiga hesabu, mjane mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mtoto wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Lakini karatasi mliyoandikiana nyumbani haibadilishi jina kwenye hati, na benki haitatoa hata shilingi. Kinachoniuma zaidi ni mjane. Mashemeji wakigeuka, hana cha kushika mkononi.

Mahakama ya Mwanzo ya pale alipokuwa akiishi marehemu inataka subira. Mnapeleka cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za waliohudhuria, na Fomu Namba 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi. Tangazo linatolewa, mwenye pingamizi anasikilizwa. Msimamizi akishateuliwa ana miezi 4 kurudisha orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, kisha hesabu, Namba 6, kwa vipindi itakavyopanga mahakama. Yeye si mmiliki, jamani! Akitafuna mali, mahakama inaweza kumvua usimamizi.

Aliyeishi Kikristo, mirathi yake ni ya Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

Mimi nachagua mahakama kila penye nyumba, akaunti au mtoto mdogo. Kikao fanyeni vilevile, na mjane awepo, atie sahihi kwa mkono wake.