Fort Jesus: nenda ukaliangalie jiwe lenyewe

Mimi ni mwashi, nakarabati nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, na ngome ya Fort Jesus nimeingia mara zisizo na idadi. Safari hii nilimpeleka mtoto wa ndugu yangu anayejifunza kazi. Nyota 5, na mizinga tuliipita tu.

Nilimsimamisha pale ukuta unapokalia mwamba. Wareno walijenga kuanzia 1593 hadi 1596, ngome wakaikalisha juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki wakalichonga humo humo. Sogea karibu: utaona tumbawe zima la ukubwa wa ngumi, mistari yake ikitawanyika kutoka katikati kama chungwa lililokatwa, na kando yake gamba la kombe. Kijana akapitisha kidole. "Ami, hiki kilikuwa hai?"

Kilikuwa hai. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na hapo tuliposimama samaki walikuwa wakipita. Kisha barafu ikatanda duniani, bahari ikashuka. Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Matumbawe yakabaki nchi kavu, yananyeshewa.

Hapo ndipo jiwe lilipogeuka. Tumbawe hujijenga kwa aragoniti, aina ya madini ya chokaa. Maji ya mvua, yenye asidi kidogo ya hewani na udongoni, huiyeyusha polepole, halafu huiweka tena ikiwa kalsiti: kemikali ni ile ile, mpangilio wake ndio mwingine, nao ni thabiti zaidi. Huku yanatoboa, kule yanaziba. Ndiyo maana patasi yangu hukuta jiwe moja lina upande mgumu mno na upande unaomomonyoka.

Kwa hili huwa sina subira. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mkandarasi aliipiga plasta ya saruji. Jiwe la matundu hunywa unyevu na kuutoa. Saruji ikaufungia ndani, chumvi ikasukuma, plasta ikavimba na kubanduka vipande vipande. Nilimwonyesha kijana chokaa ya ukuta wa ngome, ambayo huuacha unyevu utoke, nikamwambia aishike kwa mkono wake.

Nendeni asubuhi, jua likiwa bado la mlazo. Mistari ya matumbawe huonekana waziwazi. Ikifika saa sita mwanga huifuta yote.