Amitraz 12.5%: dawa ya kupe inayomfaa mbwa mkubwa wa Mtwara, ukiipima na ukilishughulikia banda

Chupa ndogo ya amitraz 12.5%, ileile wanayonunua wenye ng'ombe na mbuzi kwenye maduka ya dawa za mifugo, ni dawa nzuri ya kupe kwa German Shepherd na mbwa wengine wa umbo lake. Bei yake inavumilika, na ikichanganywa sawasawa kupe hulegea na kuanza kudondoka siku hiyohiyo au kesho yake. Lawama nyingi inazobebeshwa zinatokana na kipimo kibaya, au na banda lililosahauliwa.

Dukani, soma jina la kiambata, usitazame picha ya ng'ombe tu. Dawa za kuogeshea zinafanana chupa, na nyingine zina viambata vikali zaidi kwa mbwa. Pakiandikwa kitu kingine badala ya amitraz, rudisha.

Kipimo cha kupe ni mililita 2 kwa kila lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inachukua mililita 20, na inamtosha mbwa wa kilo 30 hadi 40. Kwa hiyo chupa ya mililita 100 ni maosho matano. Pima kwa bomba la sindano. Kifuniko cha chupa hakina kipimo, na hapo ndipo mbwa wengi wanapozidishiwa. Mchanganyiko uliobaki usiuweke kwa wiki ijayo, maana nguvu yake haitabiriki tena.

German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili, na ile ya chini, laini kama pamba, huzuia dawa isifike kwenye ngozi. Mchane vizuri kwanza, kisha mwogeshe kwa sabuni ya kawaida siku moja kabla ili mafuta na matope yatoke. Siku ya dawa, fanya asubuhi au jioni, kivulini, mkiwa wawili: mmoja ashike, mwingine amwagie na kusugua kuanzia shingoni kwenda mkiani. Vaa glavu. Masikioni na kati ya vidole, ambako kupe hujificha zaidi, pitisha kwa kitambaa kilicholowa. Machoni na mdomoni isiingie kabisa. Usimsuuze. Akauke kwa hewa, na asijilambe mpaka akauke. Akinyeshewa, akiogeshwa sabuni au akipelekwa kuogelea ufukweni Shangani, dawa inapungua, ndiyo maana msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kumwogesha kila baada ya siku 7 kunafaa kuliko kusubiri 14.

Tunaomba sana jambo hili lizingatiwe: bomba la mgongoni lililopulizia mikorosho lisitumike kwa mbwa, hata likioshwa. Mabaki ya dawa za wadudu na za ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, hubaki kwenye mpira na kwenye nozeli.

Mbwa kupoa kidogo na kusinzia baada ya kuogeshwa ni kawaida. Akiyumba, akitoka udenda mwingi, au mwili ukiwa wa baridi na mapigo ya moyo yakienda polepole, mwoshe dawa yote kwa sabuni na maji kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ipo sindano ya kupunguza nguvu ya amitraz. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na mbwa mwenye kisukari wasiogeshwe. Paka asiguswe nayo kamwe.

Upungufu wake: viroboto haiwamalizi. Na haifiki ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa hushiba, hushuka, hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Kuta za mawe za Mikindani na mabanda ya miti na makuti yanampa maficho ya kutosha. Ziba nyufa kwa saruji, choma matandiko ya zamani, mwagia maji yanayochemka kwenye kona, na lipulizie banda mchanganyiko uleule mbwa akiwa nje mpaka pakauke. Ukiruka kazi hii, baada ya wiki mbili utaona kupe wadogo kama mbegu za ufuta, na utadhani dawa ni feki.

German Shepherd huumia vibaya kuliko mbwa wengi akipata ugonjwa wa Ehrlichia, bakteria wanaoletwa na kupe huyohuyo. Akikataa chakula, akipata homa, fizi zikipauka au damu ikimtoka puani, apimwe damu hata kama kupe wameshaisha mwilini. Mtwara kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari. Tiba ya kawaida ni vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini kwa siku 28, na kipimo chake hupangwa na daktari kwa kilo za mbwa. Vidonge visiachwe siku ya tano kwa sababu tu ameanza kula.