Uzoefu wangu: kubalansi magurudumu kwa mashine yenye rola ili kuondoa mtetemeko wa usukani

Gari langu lilikuwa tulivu kabisa katika mwendo wa polepole, lakini lilipofika kilomita 90 kwa saa usukani ulianza kutetemeka, ukazidi kwenye 100, kisha ukapoa nilipopita 115. Magurudumu yalikwisha kubalansiwa, yaani kusawazishwa uzito wake, katika gereji nyingine, na gari nilirudishiwa nikiambiwa kwamba mashine imeonyesha sifuri ndani na nje ya kila rimu, maana yake hakuna upande uliozidi uzito. Kwa sababu hiyo nililipeleka kwenye karakana ya matairi yenye mashine ya kubalansi inayotumia rola, na huduma hiyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Kilichonipendeza tangu mwanzo ni kwamba fundi hakukimbilia jeki. Aliomba tuingie barabarani pamoja, akataka kujua kama mtetemeko unakuja wakati wa kukanyaga breki, wakati wa kuongeza mafuta, au muda wote. Maswali hayo hayakuwa ya kupoteza muda, kwani usukani unaotetemeka gari linapofunga breki humpeleka fundi kwenye diski ambazo unene wake haulingani, na mtetemeko unaokuja gari linapovuta na kutulia ukiachia mafuta humfanya aitazame jointi ya ndani ya ekseli. Wangu haukubadilika kwa lolote kati ya hayo. Tena ulikuwa mikononi zaidi kuliko kwenye kiti, jambo ambalo kwa kawaida huonyesha kwamba tatizo liko mbele na si nyuma.

Gari liliponyanyuliwa, alilitikisa kila gurudumu la mbele kushoto na kulia, kisha juu na chini, akitafuta ulegevu kwenye tairodi na boljointi, yaani viungo vya usukani na vya kushikilia gurudumu, na kwenye beringi. Alipapasa pia upande wa ndani wa rimu, maana tope lililogandia humo hutosha kuvuruga balansi. Hakukuta kitu.

Hapo ndipo mashine ilipoonyesha thamani yake. Mashine ya kawaida huzungusha gurudumu likiwa linaning'inia, ikatambua upande uliozidi uzito, lakini haiwezi kujua tairi litafanya nini likishabeba gari. Hii hulikandamiza tairi kwa rola huku likizunguka, hivyo hugundua sehemu ya tairi iliyo ngumu kuliko nyingine, au rimu isiyo duara kamili. Gurudumu la mbele kushoto lilitoa kipimo kilichoyaacha mengine mbali, ingawa kwa uzito pekee lilikuwa sawasawa. Dawa yake haikuwa kuongeza vipande vya risasi. Fundi alichora mstari wa chaki kwenye rimu na mwingine kwenye tairi, mahali mashine ilipomwelekeza, akatoa upepo, akalizungusha tairi juu ya rimu mpaka mistari miwili ikakutana, ili sehemu ngumu ya tairi ikae pale rimu ilipo chini kidogo. Alipolijaza upepo na kulipima tena, kipimo kilishuka chini ya nusu. Kwenye kilomita 100 kwa saa tairi la gari dogo huzunguka takriban mara 14 kila sekunde, kwa hiyo kasoro ambayo jicho halioni hugonga usukani mara hizo zote.

Kabla ya kurudisha gurudumu alisugua kutu kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, kwa kuwa rimu isiyokaa bapa huharibu kazi yote iliyofanywa kwenye mashine. Mtetemeko umekwisha katika kila mwendo ninaoendesha.

Sikupendezwa na mambo mawili. Mapokezi walisisitiza niongeze alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, ilhali gari halikuvuta upande wala matairi hayakuliwa upande mmoja, na alaimenti haiondoi mtetemeko wa aina hii. Pia msaidizi alikaza nati kwa spana ya upepo, na mpaka nilipoomba ndipo zilipokazwa kwa mtindo wa kukingama kwa spana ya kupimia mkazo.

Huduma hii huchukua muda mrefu kuliko balansi ya kawaida, na ambaye hajajaribu ile ya kawaida hana sababu ya kuanzia hapa. Kwa aliyekwishaambiwa kwamba kila kitu ni sifuri na usukani bado unatetemeka, naipendekeza bila kusita, ila adai kusomewa karatasi ya vipimo palepale, kwa sababu yangu ilijaa tarakimu zisizoonyesha kipi ni kipimo cha kabla na kipi ni cha baada.