TAHADHARI: Muuza kompyuta za injini anayeseti taimingi bila kupima kwa taa

Wadau wa magari ya zamani, someni hii kabla hamjamtumia huyu jamaa hata senti moja. Nimekaa nayo rohoni nikiona haya kuiandika. Lakini nimeona ametangaza tena zile seti zake, na chini ya tangazo watu wanamwuliza kama bado zipo. Nikinyamaza sasa, nitakuwa nimemsaidia kuwala.

Peugeot 504 ya mzee mnaijua, na mnajua nilivyoihangaikia, kwa hiyo hadithi hiyo sirudii. Injini ilikuwa nzima. Naandika tena ili pasiwe na ubishi: alipoigusa, ilikuwa nzima.

Aliniuzia kompyuta ya kuongoza taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche, gurudumu la meno la kufunga kwenye puli ya krankshafti, sensa yake, na koili pacha za kuchukua nafasi ya distributa, kile kifaa cha zamani cha kugawa moto kwa kila plagi. Kabureta inabaki palepale. "Ramani ya injini yako imo tayari," aliniambia, maana yake jedwali la digrii za cheche kwa kila kasi na mzigo, "nafunga, nawasha, unaondoka." Na kazi ya mikono anaijua, hilo simnyimi: chuma cha kushikia sensa kilikaa sawasawa, waya zimepita mbali na ekzosi, kila kiungo kimevishwa mpira. Nilisimama pale muda wote nikitazama.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Aliweka laptopu juu ya bodi, akatandika kitambaa chini yake ili rangi isikwaruzike. Akaniambia piga stata. Injini ikashika papo hapo, ikanguruma laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Akanigeuzia kioo. Saa kubwa ya mviringo, mshale umesimama kwenye 10. "Digrii 10 kabla pistoni haijafika juu. Unaona ilivyotulia? Platini, ile swichi ya cheche ndani ya distributa, ingekuwa inachezacheza."

Nikamwambia sawa, tuhakikishe kwa taa ya taimingi, ile inayomweka kila cheche inapopigwa ili uone alama ya puli iko digrii ngapi. Taa ninayo, mnaijua, na alama ya puli nilishaipaka rangi nyeupe zamani. Nikaitoa. Akacheka, akanishika bega. "Kaka, hiyo ni ya enzi za kuzungusha distributa. Hapa kompyuta ndiyo inayopiga cheche, yenyewe inajua imepiga digrii ngapi. Kuipima kwa taa ni kumwuliza mtoto umri wa mama yake." Akaichukua taa mkononi mwangu, akairudisha yeye mwenyewe kwenye boksi la vifaa, akafunga kifuniko. Kila nikikumbuka ule mkono wake ukifunga lile boksi, damu inachemka. Alijua kabisa taa ingemwumbua!

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Angalieni mtu mwenyewe. Mpangilio wa moto, 1-3-4-2, aliutaja bila kutazama popote. Alinieleza kwa utulivu kwamba gurudumu lina nafasi za meno 36 na jino moja limeondolewa makusudi, ili kompyuta ikiona pengo ijue krankshafti imefika wapi. Ni kweli tupu. Alinieleza kwa nini koili pacha hupiga cheche mbili kwa mpigo, moja ikienda kwenye silinda inayotoa moshi na kupotea bure. Nayo ni kweli. Alikuwa na video za magari aliyofunga, yakiwaka na kunguruma. Mtu anakupa kweli tatu mfululizo, ya nne utaikataa kwa msingi gani? Nikamlipa chote, nikamshukuru, nikamsindikiza. Hiyo shukrani ndiyo inayoniuma kuliko fedha.

Barabara ya tambarare gari lilikwenda vizuri. Kwenye mlima, gia ya tatu, nikikanyaga, ikaanza kugonga. Mlio mkavu wa chuma, ti-ti-ti-ti, ukipunguza mafuta unakoma. Nikampigia. "Mafuta mabaya hayo, weka yenye oktani ya juu." Nikaweka. Ikaendelea kugonga, ila kwa sauti ndogo, na yeye akasema ndivyo mfumo unavyozoea injini. Mfumo huu hauzoei chochote! Hauna sensa ya kusikia kugonga. Unafuata namba ulizowekewa na basi. Kisha nguvu zikakatika, moshi wa bluu ukatoka nyuma, presha ya ndani ya injini ikasukuma kijiti cha kupimia oili kikachomoka. Nikampigia tena. Namba yangu ameizuia.

Fundi niliyempelekea alianza na plagi. Ya silinda ya 3 ilikuwa na vitone vidogo vya kijivu vinavyong'aa kwenye kauri. Ni alumini, akasema, hiyo ni pistoni yako. Kabla ya kufungua chochote akaunganisha laptopu yake, akaiamuru kompyuta ishikilie digrii 10 tu, kasi yoyote, ramani isiguse. Kisha akachukua taa. Kioo kinasema 10. Alama kwenye puli inasema 20.

Tofauti ya digrii 10 juu. Meno 36 ukiyagawanya kwenye duara la digrii 360, kila jino ni digrii 10. Maana yake yule mtu aliiambia kompyuta pengo liko jino moja pembeni ya lilipo kweli, na kompyuta ikahesabu kwa uaminifu wote kuanzia kwenye uongo. Kioo kinaonyesha kile kompyuta inachoamini, hakioni krankshafti. Na ndiyo maana injini ilinguruma laini siku ile: ikiwa haina mzigo, cheche inayowahi inaipendeza. Ukiipa mzigo mlimani, mchanganyiko unalipuka wakati pistoni bado inapanda.

Si hilo tu. Fundi alipoongeza kasi huku kompyuta ikiwa bado imeamriwa ishike 10, alama ilihama. Haikutakiwa kuhama. Waya mbili za sensa zilikuwa zimebadilishana, na sensa ile ya sumaku ukiigeuza inasomwa kwenye upande usio sahihi wa jino. Halafu ile "ramani ya injini yako": mstari wa mzigo mwepesi na mstari wa kukanyaga mpaka chini una namba zilezile, 34 na 34. Injini yenye mzigo mzito huhitaji cheche iliyochelewa zaidi. Hata distributa ya zamani yenye kile kibakuli cha vakyumu ililijua hilo. Jumlisha na jino lake, nilikuwa napanda mlima kwenye 44.

Tulipofungua, ukuta kati ya ringi za pistoni ya 3 ulikuwa umemeguka, na vipande vimechora mistari kwenye silinda. Picha ninazo zote.

Huyu mtu arudishe fedha na alipie pistoni na kuchonga silinda. Aondolewe kwenye kila kundi la magari analotangazia, leo. Anyang'anywe hiyo laptopu. Nimepanga picha, risiti na meseji zake zote napeleka polisi, na yeyote mwenye ushahidi wake tuungane, malalamiko ya watu wengi hayawekwi kabatini. Asiitwe fundi. Fundi haogopi kupimwa kazi yake.

Dalili, kwa haraka: anakataa taa, ramani iko "tayari" kabla hajaliona gari, hahakikishi kama alama ya puli kweli inalingana na pistoni ikiwa juu kabisa (puli za zamani zenye mpira katikati huteleza), hapimi tena kasi ikipanda.

Kama ameshakufungia, usilipandishe mlima wala usilibebeshe mzigo. Tafuta mtu wa laptopu aishikilie taimingi kwenye digrii 10, mlika alama kwa taa ya kawaida isiyo na kitufe cha kuzungusha digrii, kwa sababu koili pacha huzichanganya zile zenye kitufe hicho. Ongeza kasi taratibu. Alama ikikaa kwingine kokote, au ikihama, zima, chomoa plagi uziangalie kwenye mwanga, kisha niandikie faragha.